Kumzoeza Mtoto wa Mbwa Mkanda na Kamba

Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, katika viwanja vya ofisi za kata na vijiji, huonekana picha mbili. Mbwa mmoja hufika akitembea kando ya mwenyewe, kamba imelegea. Huchanjwa mara moja, mwenyewe hupewa cheti, nao hurejea nyumbani. Mbwa mwingine huburutwa na vijana wawili kwa kamba ya katani aliyofungwa shingoni asubuhi ile ile, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Hujirusha, hubweka, huuma mkono ulio karibu naye, na pengine hurudishwa nyumbani bila chanjo. Mara nyingi kinachowatofautisha wawili hao ni majuma machache ya mafunzo waliyopata, au waliyokosa, walipokuwa wadogo.

Jambo hili si dogo. Mtu aliyekwisha kuonyesha dalili za kichaa cha mbwa ni nadra mno kupona, na mbwa ndiye chanzo kikuu cha maambukizi kwa binadamu. Kinga ipo, nayo ni chanjo. Lakini chanjo humfikia mbwa anayeweza kushikwa. Aidha, kamba humwepusha mbwa na magari na bodaboda, na huwapa amani majirani ambao kwa hofu au kwa sababu za dini hawapendi kuguswa na mbwa. Somo hili linamweleza mwenye mbwa namna ya kuchagua vifaa na kumzoeza mwanafunzi wake bila kumtesa.

Wakati wa kuanza

Mtoto wa mbwa asitengwe na mama yake kabla ya kutimiza majuma 8. Baada ya hapo mafunzo yaweza kuanza nyumbani siku chache tu baada ya kuwasili, maana mpaka kufikia takribani majuma 14 akili yake hupokea mambo mapya kwa wepesi kuliko wakati wowote mwingine. Samaki mkunje angali mbichi.

Hata hivyo, asitembezwe barabarani wala mahali wanapopita mbwa wasiojulikana mpaka daktari wa mifugo aseme kwamba chanjo zake zimetosha. Kwa kawaida chanjo ya kichaa hutolewa afikishapo umri wa miezi 3. Majuma hayo ya kungoja ndiyo ya kujifunzia sebuleni na uani.

Kununua vifaa

Vitu vinavyohitajika ni viwili: mkanda wa shingoni na kamba ya kumwongozea. Kabla ya kulipa, mnunuzi azingatie haya:

1. Mkanda uwe mwepesi na laini, wa nailoni au ngozi, wenye matundu ya kuongezea nafasi. Ukishafungwa, vidole viwili vipite kati yake na shingo. Ukilegea zaidi utamvuka kichwani, ukibana utamchubua. Mtoto wa mbwa hukua haraka, hivyo kipimo hiki kirudiwe kila juma.

2. Kamba iwe nyepesi, yenye urefu wa mita 1.5 hadi 2. Mnyororo mzito humwelemea mbwa mdogo na kumgonga miguuni.

3. Vuta mshono kwa nguvu, fungua na kufunga bizimu na kulabu mara kadhaa, kisha pitisha kidole ukingoni mwa mkanda. Ukiona uzi unaofumuka, kulabu isiyorudi vizuri au ukingo unaokwaruza, rudisha bidhaa hiyo rafuni.

4. Usinunue mnyororo unaojikaza wala mkanda wenye miiba. Vifaa hivyo huumiza koo na humfundisha mbwa kuiogopa kamba. Kwa mbwa anayekohoa akivutwa, mkanda wa kifuani unafaa zaidi.

5. Dai risiti na uitunze.

Asiye na uwezo wa kununua aweza kumwomba fundi cherehani ashone mkanda wa kitambaa kigumu chenye upana wa vidole viwili. Waya, kamba nyembamba na fundo linalojikaza visitumike kamwe.

Hatua za mafunzo

Kila kipindi kisizidi dakika 5, mara mbili au tatu kwa siku. Andaa tuzo ndogo, kama vipande vya dagaa wasio na chumvi au nyama iliyochemshwa, kila kimoja kikilingana na punje ya hindi.

Hatua ya kwanza: mkanda peke yake. Mvishe muda mfupi kabla ya chakula, ili akili yake iwe kwenye bakuli. Atajikuna na kujiviringisha. Usimkemee wala usimcheke. Mvue akiwa ametulia. Ongeza muda kidogo kidogo kila siku, hata asahau kwamba amevaa kitu.

Hatua ya pili: kamba isiyoshikwa. Funga kamba kwenye mkanda, umwache aiburute ndani ya nyumba huku ukimtazama. Usimwache peke yake hata kidogo, kwa kuwa kamba yaweza kunasa kwenye mguu wa meza na kumkaba.

Hatua ya tatu: mfuate yeye. Shika ncha ya kamba, uende anakokwenda, kamba ikiwa imelegea. Hapa anajifunza kwamba mkono wako si mtego.

Hatua ya nne: akufuate wewe. Rudi nyuma hatua mbili, mwite kwa jina, na akifika mpe tuzo karibu na mguu wako. Akivuta, simama wima bila kusema neno. Kamba ikilegea, endelea na safari. Baada ya siku kadhaa ataelewa kwamba kuvuta hakumfikishi popote.

Hatua ya tano: nje ya lango. Chanjo zikishatosha, anza na njia tulivu, saa za asubuhi. Akiogopa pikipiki au kelele, usimburute kulipita jambo hilo. Rudi mbali kidogo, mpe muda, kisha jaribu tena.

Makosa ya kuepuka

Mtoto wa mbwa akiketi chini na kukataa kwenda, wengi humvuta kwa nguvu. Yeye naye hukaza shingo, na siku hiyo hujifunza kushindana. Chuchumaa, mwite, ungoje. Usimpige kwa kamba, kwani kitu kilichompiga jana hatakikubali shingoni leo. Wala kamba hii isigeuzwe kuwa kifungo cha kutwa nzima chini ya mti. Nchini Tanzania, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtendea mnyama ukatili.

Watoto wa nyumbani washiriki, lakini mtu mzima awepo daima. Meno ya mbwa mdogo yakimtoboa mtu au kumchubua, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya. Usipuuze kwa sababu mbwa ni mdogo. Watoto wa mbwa nao huweza kuwa na kichaa.

Maswali ya kujipima

1. Je, vidole vyangu viwili vinapita chini ya mkanda leo, au nilipima mwezi uliopita?
2. Je, mbwa wangu huja anapoiona kamba, au hujificha?
3. Akivuta, mimi husimama, au nami huvuta?
4. Je, naijua tarehe ya chanjo yake ijayo, na naweza kumfikisha huko kwa miguu yake mwenyewe?

Anayeweza kujibu swali la nne bila kusita amemaliza somo hili. Anayesita arudi hatua moja nyuma na kuendelea kwa subira, kabla tarehe hiyo haijafika.