Unauza ndoano mtandaoni? Uliza samaki kwanza, bei baadaye

Mfanyabiashara mwenzangu, mteja akikuandikia "nataka ndoano, bei gani?", usikimbilie kumtajia bei. Muulize: unavua samaki gani, na wapi?

✅ Changu hula karibu na chini, kwenye miamba. Anayemvua kwa mshipi anahitaji ndoano, chubwi la kuzamisha na chambo kisichotoka haraka. Ngisi anafaa sana, nyama yake ni ngumu, samaki wadogo hawaimalizi upesi.

✅ Nguru ana meno makali, anakata nailoni. Mteja wake muuzie na kipande cha waya wa kufunga juu ya ndoano. Chambo ni samaki mdogo, au chambo bandia cha kukokota nyuma ya boti.

⚠️ Namba za ndoano zinachanganya wengi. Namba 10 ni NDOGO kuliko namba 4. Lakini zikiandikwa 1/0, 2/0, 5/0, namba ikipanda na ndoano inakuwa kubwa. Tena ukubwa wa namba ileile unaweza kutofautiana kati ya kiwanda hiki na kile. Kwa hiyo piga picha ndoano ikiwa juu ya rula, weka kwenye tangazo lako.

Kumbuka, mvuvi anagundua kosa akiwa majini, mafuta yameshaungua. Siku yake imepotea, na dukani kwako harudi. Mpe kifaa sahihi, atakuletea na wenzake.

Wewe unauza nini? Huwa unamuuliza mteja swali gani kabla ya bei? Andika hapo chini 👇