Moto wa Juni na Moto wa Septemba

Masika yakishapita Kilwa, Liwale na Nachingwea, nyasi za porini hubaki zimesimama kimo cha mtu. Mwezi Mei bado zina maji. Juni ncha zinakauka huku mashina yakiwa mabichi. Ikifika Septemba, kipisi kimoja cha sigara kinatosha kuteketeza eneo la kutembea siku nzima. Kama kijiji chako kina msitu, au shamba lako limepakana na pori, kuna mambo ya kuyajua kabla hujashika kiberiti.

Kwanza, moto huu unatoka wapi? Wengi husingizia jua kali. Jua halichomi pori. Radi nazo hapa kwetu huja pamoja na mvua, kwa hiyo moto wake hauendi mbali. Karibu moto wote wa kiangazi umewashwa na mtu: anayesafisha shamba la ufuta, anayewinda ndezi, anayerina asali kwa kienge, mchoma mkaa aliyeacha tanuri bila mlinzi, mchungaji anayetaka majani mapya, au mpita njia anayeogopa nyoka. Wengi wao hawana nia mbaya. Moto unawaponyoka tu.

Je, kila moto ni adui wa msitu? Hapana, na hapa ndipo matangazo mengi ya "usichome msitu" yanapowachanganya watu. Pori la miombo, yaani msitu mkavu wa miti inayopukutisha majani kiangazi, limeishi na moto miaka mingi sana. Huko Ndola, Zambia, watafiti walianza miaka ya 1930 kutenga vipande vya miombo: kimoja kikachomwa kila mwaka mapema kiangazi, kingine kikachomwa mwishoni mwa kiangazi, kingine kikalindwa kisiungue kabisa. Kilichochomwa mwishoni kilipoteza miti yake, kikaishia kuwa nyasi na machipukizi. Kilichochomwa mapema kilibaki msitu. Kilicholindwa kilisongamana miti na vichaka. Kwa hiyo ukisikia pori limeungua, ulizia limeungua mwezi gani.

Tofauti ni ya unyevu. Moto wa Juni hupita chini, huruka penye ubichi, na umande wa usiku huuzima. Unaacha madoa: hapa pameungua, pale nyasi zimesimama. Kobe na kalunguyeye hupata pa kukimbilia. Kware na kanga hupata pa kujificha. Siku chache baadaye majani mabichi huchipua kwenye madoa yaliyoungua, na kongoni, pofu na palahala huja kula. Moto wa Septemba hauachi madoa. Unapanda hadi kwenye matawi, unaunguza eneo lote, kisha mnyama anakaa bila chakula wala kificho mpaka mvua za Novemba au Desemba. Mwendo wa kobe haushindani nao, na kakakuona, ambaye kinga yake ni kujikunja, hujikunja palepale njiani.

Hasara kubwa zaidi, kwa maoni yangu, iko kwenye miti mikubwa yenye uvungu, na watu wengi hawaioni. Mti wa namna hiyo ndio nyumba ya komba, bundi na makundi ya nyuki. Hondohondo jike huingia humo kutaga, akaziba mlango kwa udongo na kinyesi, akaacha ufa mdogo wa kulishwa na dume. Moto mkali ukiingia kwa chini, uvungu hugeuka dohani: unavuta hewa na kuwaka kwa ndani siku kadhaa hata baada ya nyasi kuzimika, mpaka mti unaanguka. Kupata uvungu mwingine wa kumtosha hondohondo kunahitaji miaka mingi sana.

Mpingo nao una habari yake. Mche wa mpingo ukiungua, shina hufa lakini mzizi hubaki, na mwaka unaofuata huchipua upya. Ukiungua kila mwaka, unarudi ardhini kila mwaka. Unaweza kuona kijiti kimo cha goti kumbe mzizi wake ni wa zamani. Ukikutana na shina jembamba la mpingo lililovuka kimo cha nyasi, fyeka nyasi zinazolizunguka hatua mbili tatu. Ni kazi ya dakika chache, na unauokoa mti ambao utahitaji zaidi ya miaka sabini kufikia kuvunwa.

Sasa shamba lako. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina sehemu inayohusu moto, na kuchoma bila kufuata utaratibu ni kosa. Anza kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha mtendaji wa kijiji. Uliza sheria ndogo za kijiji zinasemaje kuhusu siku, saa na faini, kwa kuwa kila kijiji kina zake. Kama kuna ada, dai stakabadhi. Wajulishe majirani wote wanaopakana nawe, hasa mwenye mikorosho, maana mikorosho ikishaanza kutoa maua moto wa jirani unamaliza msimu wake wote.

Kabla ya kuchoma, lima barabara ya moto, yaani ukanda mtupu usio na jani la kuungua. Mita tatu hadi tano zinatosha penye nyasi fupi. Penye nyasi ndefu, ongeza. Kwangua mpaka udongo uonekane, na takataka zitupe upande wa ndani, upande utakaochoma. Nimeona watu wakizirundika nje, halafu cheche moja ikavuka ikakuta kuni zimeshapangwa.

Tafuta watu watano au sita na maji. Mashine ya Solo ya kupulizia mikorosho inafaa, ila ioshe kwanza, kisha ijaze maji matupu. Matawi mabichi yenye majani mengi ndiyo fagio la kupigia moto, na hayauzwi. Choma kuanzia saa kumi jioni, upepo ukiwa umepungua na umande uko njiani. Washa upande ule upepo unakoelekea, ili moto utembee ukipingana nao polepole. Usiondoke mpaka moshi wote umekoma, na kesho yake asubuhi pita tena, kanyaga magogo, angalia visiki. Gharama yote ni panga, reki, jasho, na uji wa waliokuja kukusaidia.

Msitu wa kijiji wenyewe ni kazi ya Kamati ya Maliasili. Usiuchome kwa uamuzi wako. Kilwa kuna vijiji vilivyochoma mapema kwa mpango, vikisaidiwa na shirika la Mpingo Conservation & Development Initiative, na mwaka 2009 misitu ya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha FSC, kinachomhakikishia mnunuzi wa mbao kwamba msitu unavunwa kwa uangalifu. Kama kijiji chako hakina mpango wa moto, mwombe afisa misitu wa wilaya aje mwezi Aprili. Akija Agosti ameshachelewa.

Wanaovuna mbao wana sehemu yao. Matawi ya mti uliokatwa yakiachwa yameegemea mti uliosimama, yanakauka na kuwa kuni chini yake, kwa hiyo yavutwe mbali. Mti wenye uvungu uachwe. Hauna mbao ya maana, na mwenye msumeno anajua hilo. Na ukiona kilima kimepandwa misonobari au mikaratusi, usidhani wanyama wamerudishiwa msitu wao. Mashamba ya miti kama Sao Hill yanatupatia mbao na nguzo, jambo jema, lakini viumbe wa asili wanaopata riziki humo ni wachache, na misonobari ikishika moto huwaka vibaya.

Kwa warina asali: kienge ni hatari kuliko bomba la moshi. Fundi wa mabati wa mtaani anaweza kukutengenezea bomba. Kama huna, washa kienge mbali na nyasi kavu, beba dumu la maji, na usikitupe kienge kikiwa chekundu.

Ushauri wa kuchoma mapema usiupeleke milimani. Misitu ya mvua ya Usambara, Udzungwa na Rungwe haikuzoea moto, ikiungua inapotea. Oktoba 2020 moto Kilimanjaro uliunguza takriban kilomita za mraba 95, na mioto ya miaka mingi huko juu imeshusha mpaka wa msitu, ikifuta miti inayokinga ukungu na kuugeuza maji. Milimani jibu ni moja: usichome.

Moto ukikuponyoka, piga kelele mapema, aibu baadaye. Mpigie mtendaji, na Zimamoto kwa namba 114, haitozwi. Watoto wasiende. Usisimame juu ya mteremko moto ukiwa chini yako, kwa sababu unapanda mbio kuliko unavyokimbia. Ingia eneo lililokwisha kuungua, ndilo salama.

Baada ya moto utawakuta kobe waliojeruhiwa, pengine na swala mtoto. Usiwapeleke nyumbani wala usiwafanye kitoweo. Kukutwa na mnyamapori au nyama yake bila kibali ni kesi nzito. Mwite afisa wanyamapori wa wilaya au TAWA, mamlaka ya serikali inayosimamia wanyamapori. Mifugo isipelekwe siku za kwanza kwenye majani machanga, kwa sababu mizizi bado inajenga nguvu. Na katibu wa kamati aandike daftarini tarehe ya moto, mahali ulipoanzia na mahali ulipozimikia. Aprili afisa misitu akija, hilo ndilo daftari la kwanza atakalouliza.