Mbegu za Mlonge na Maji ya Tope: Kinachoondoka na Kinachobaki

Mvua za masika zinapoanza, mito na malambo mengi ya Afrika Mashariki hubadilika rangi ndani ya siku chache. Udongo wa mashambani, kinyesi cha mifugo na cha binadamu, pamoja na takataka za njiani, husombwa hadi kwenye maji ambayo watu huchota kwa matumizi ya nyumbani. Wakati huohuo magonjwa ya kuhara hupata njia rahisi ya kuenea, na kuyatibu maji huwa kazi ngumu kuliko wakati wa kiangazi. Miongoni mwa njia za kuondoa tope zinazotokana na mimea, iliyochunguzwa sana ni unga wa mbegu za mlonge, mti ambao baadhi ya watu huuita mzunze. Somo hili linaeleza jinsi mbegu hizo zinavyofanya kazi, namna ya kuzitumia, na kwa nini maji yaliyokwisha kuwa meupe bado yanaweza kuua.

Tope kama suala la afya

Klorini haichagui vijidudu peke yao. Humenyuka pia na mabaki ya mimea na uchafu mwingine uliomo majini, hivyo katika maji machafu sehemu kubwa ya dawa hutumika kabla ya kuwafikia bakteria. Bakteria wengine hujificha ndani ya chembe za udongo, mahali ambapo dawa haipenyi vizuri. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba kiasi cha tope, kinachopimwa kwa kipimo cha NTU, kiwe chini ya 1 kabla ya kutia dawa kila inapowezekana, na kisizidi 5 katika miradi midogo ya maji. Kwa macho ya kawaida, ukungu majini huanza kuonekana takriban NTU 4. Njia ya kuanika maji juani kwa saa 6 katika chupa za plastiki zinazopenyeza mwanga nayo huhitaji maji yenye tope chini ya NTU 30, kwa kuwa tope huzuia miale ya jua.

Kuyaacha maji yatulie tu mara nyingi hakutoshi. Chembe za udongo wa mfinyanzi huwa na upana usiozidi sehemu mbili za elfu za milimita, na nyuso zake hubeba chaji hasi. Kwa kuwa chaji zinazofanana husukumana, chembe hizo hukwepana na kuendelea kuelea kwa siku nyingi bila kushikamana wala kuzama.

Kemia iliyomo ndani ya mbegu

Kiini cheupe cha mbegu ya mlonge kina mafuta mengi na protini. Baadhi ya protini hizo ni ndogo, huyeyuka majini, na hubeba chaji chanya katika maji ya kawaida. Unga unapokorogwa ndani ya maji ya tope, protini hizo hunata kwenye chembe za udongo na kuifuta chaji hasi iliyokuwa ikizitenganisha. Chembe zikikosa sababu ya kukwepana hugongana, hushikamana na kuwa madonge, nayo madonge kwa uzito wake huzama. Bakteria wengi, ambao nao huwa na chaji hasi kwenye ngozi zao za nje, hunaswa na kuzama pamoja na tope.

Shabu hufanya kazi kwa kanuni inayokaribiana na hiyo, ila chaji chanya hutoka kwenye alumini. Tofauti ni kwamba shabu huongeza asidi ya maji na kuacha mashapo yenye alumini, ilhali mlonge haubadilishi asidi kwa kiwango cha kutajika, na mashapo yake ni machache zaidi.

Kanuni hii pia inaeleza makosa mawili ya kawaida. La kwanza ni kuzidisha unga kwa kudhani kwamba wingi ni ubora. Protini zikizidi, chembe za udongo hufunikwa kabisa, hupata chaji chanya na kuanza kusukumana upya, na maji hubaki na ukungu. La pili ni kuutumia unga katika maji yenye tope dogo sana. Hapo chembe ni chache, hazigongani vya kutosha, na madonge hayaundiki vizuri.

Kutoka Mto Nile hadi Thyolo

Matumizi haya hayakuanzia maabara. Katika miaka ya 1970 na 1980, mtafiti Samia Al Azharia Jahn alichunguza namna wanawake wa Sudan walivyosafisha maji ya Mto Nile kwa udongo maalumu na kwa mimea, na kazi yake ndiyo iliyoufanya mlonge ujulikane kwa wataalamu wa maji duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mbegu hizo zilijaribiwa katika mtambo wa maji wa Thyolo, kusini mwa Malawi. Maji yaliyoingia na tope la NTU 270 hadi 380 yalitoka yakiwa chini ya NTU 4. Jaribio hilo lilionyesha kwamba mbegu zinaweza kulisaidia jiji dogo, si ndoo ya nyumbani pekee.

Namna ya kuutumia unga

Mbegu huchukuliwa kutoka kwenye maganda yaliyokaukia mtini na kugeuka rangi ya kahawia. Mbegu mbichi hazifai. Hatua ni hizi:

1. Menya mbegu, tupa zenye kuvu au madoa, kisha twanga viini vyeupe na uvichekeche upate unga laini.
2. Kwa ndoo ya lita 20 yenye tope la wastani, pima gramu 2 za unga, yaani takriban viini 10. Maji yenye tope zito huweza kuhitaji hadi gramu 4.
3. Changanya unga na maji safi kidogo ndani ya chupa, tikisa kwa dakika 5, kisha chuja kwa kitambaa safi na kumimina maji hayo ndani ya ndoo.
4. Koroga kwa kasi kwa dakika 2, kisha polepole kwa dakika 10 hadi 15. Kasi husambaza protini, na upole huyaacha madonge yakue bila kuvunjika.
5. Funika ndoo na uiache saa moja hadi mbili bila kuitikisa.
6. Mimina maji ya juu kwa uangalifu katika chombo kingine safi kupitia kitambaa, bila kuyavuruga mashapo.
7. Tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kifungashio na subiri dakika 30, au chemsha maji hadi yatokote kwa nguvu.

Kitambaa cha pamba katika hatua ya sita si cha kudharauliwa. Nchini Bangladesh, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba vijiji vilivyochuja maji kwa kitambaa cha sari kilichokunjwa mara kadhaa vilipata kipindupindu pungufu kwa takriban asilimia 48. Bakteria wa ugonjwa huo hupenda kujishikiza kwenye viumbe vidogo vya majini, na viumbe hivyo hunaswa na nyuzi.

Kinachobaki majini

Hatua ya saba ndiyo inayorukwa mara nyingi, na ndiyo inayookoa maisha. Inaelezwa kwamba unga wa mlonge huondoa asilimia 90 hadi 99 ya bakteria, na takwimu hiyo humfariji msikilizaji asiyepiga hesabu. Ikiwa mililita 100 za maji ya lambo zina bakteria wa kinyesi 10,000, kuondoa asilimia 99 huacha 100. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka asipatikane hata mmoja katika kiasi hicho cha maji ya kunywa.

Zaidi ya hapo, si protini zote za unga zinazozama. Sehemu ya protini, sukari na mafuta hubaki zimeyeyuka na kuwa chakula cha bakteria walionusurika, nao huweza kuzaliana upya ndani ya saa 24. Maji yaliyosafishwa asubuhi na kuachwa bila dawa yanaweza kuwa hatari zaidi kesho yake, ingawa bado ni meupe. Mabaki hayo pia hula sehemu ya klorini, na kwa hiyo kuzidisha unga kunadhoofisha dawa inayofuata.

Watafiti wamejaribu kulitatua hilo kwa kuzitenga protini zinazohitajika na kuacha viambato vingine. Mwaka 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, walichapisha njia ya kuzinatisha protini za mlonge juu ya punje za mchanga. Viambato visivyotakiwa huoshwa, na mchanga unaobaki hunasa chembe na bakteria bila kuyaachia maji chakula chao.

Mimea mingine, uchafuzi mwingine

Mlonge hushughulika na vitu vinavyoelea. Vilivyoyeyuka vinadai kemia nyingine. Mkaa amilifu wa vifuu vya nazi, unaotengenezwa kwa kuchoma vifuu bila hewa na kisha kuvipitishia mvuke kwenye joto kali, huwa na vitundu vingi mno. Gramu moja yake huweza kuwa na eneo la ndani linalozidi mita za mraba 500, na juu ya eneo hilo hunata harufu, rangi na baadhi ya viuatilifu. Mkaa wa jikoni haujapitia hatua hiyo na hauwezi kuwa mbadala wake.

Wala mkaa huo si suluhisho la floridi, ambayo katika maeneo ya Arusha na Bonde la Ufa huzidi mahali pengi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita na kudhuru meno na mifupa. Kwa floridi, kilichotumika kwa mafanikio kaskazini mwa Tanzania ni mkaa wa mifupa ya wanyama. Kila kichafuzi kina dawa yake, na kukijua kichafuzi hutangulia kuchagua dawa.

Hitimisho

Mbegu za mlonge ni msaada wa kweli kwa kaya isiyo na maji ya bomba, hasa pale ambapo mti umeota uani na shabu ni ghali. Kazi yake ni kuyaandaa maji ili klorini, moto au jua vikamilishe. Mhudumu wa afya anayezifundisha bila kufundisha hatua ya mwisho huiachia familia maji mazuri machoni ambayo mama humpa mtoto bila wasiwasi. Afadhali asifundishe unga hadi awe tayari kufundisha vyote viwili katika kikao kimoja.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini chembe za udongo wa mfinyanzi hazizami zenyewe upesi?
2. Eleza kwa nini unga wa mlonge ukizidi maji hurudia kuwa na ukungu.
3. Maji yana bakteria wa kinyesi 5,000 katika mililita 100. Mlonge ukiondoa asilimia 98, wangapi hubaki? Je, maji hayo yanafaa kunywewa?
4. Jirani anahifadhi kwa siku mbili maji yaliyosafishwa kwa mlonge pekee. Ungemweleza nini?