SOMO LA JUMA: KWA NINI TUNAPENDA NYIMBO ZA HUZUNI?

Masomo: 2 Samweli 1:17-27, Zaburi 88, Mithali 25:20



Baadhi ya wazee wametuuliza kama mama mmoja wa kwaya atengwe, kwa sababu tangu amzike mtoto wake anasikika kila jioni akipiga kwenye simu ule wimbo wa Remmy Ongala, "Kifo". Tujifunze kwanza, ndipo tuamue.

Remmy tunamjua. Alizaliwa Kindu, kwetu Maniema, mwaka 1947, akafika Dar es Salaam mwaka 1978. Yeye na bendi yake ya Super Matimila waliimba habari za maskini na za kifo. Miaka yake ya mwisho aliokoka, akaimba Injili, akafariki mwaka 2010. Kabla yake, mwaka 1966, Tabu Ley aliimba "Mokolo Nakokufa", akiiwazia siku ya kufa kwake, na wazazi wetu waliucheza! Ndiyo rumba hiyo: maneno yanalia, gitaa linachezesha.

Mbona tunavutwa? Aliyefiwa amejaa maneno asiyoweza kuyasema. Hapa kambini ni vigumu zaidi, maana jirani naye amefiwa, na wengi wetu tuliwaacha wafu wetu njiani bila matanga. Unaona aibu kumlilia mtu ambaye naye ana yake. Wimbo ukija, mwingine amesema kwa ajili yako, nawe unapata ruhusa ya kulia. Tena wimbo una mwisho. Unajifuta machozi, unakwenda kuchota maji.

Biblia hailionei haya jambo hili. Daudi alipofiwa na Yonathani hakutafuta pambio. Alitunga maombolezo, akaagiza wana wa Yuda wafundishwe. Zaburi 88, ya Hemani, inaanza kwa kilio na kuishia gizani. Hakuna mstari wa faraja uliobandikwa mwishoni. Lakini angalieni: Hemani anamlalamikia Mungu mwenyewe, usiku na mchana, wala hamwachi. Wimbo wa redio unaweza kulia pamoja nasi, ila hauwezi kutusikia.

Mithali 25:20 nayo inamfananisha anayemwimbia mwenye moyo mzito na mtu avuaye nguo siku ya baridi. Ndugu wanaokwenda kwa mfiwa na mapambio ya kupiga makofi siku ya pili tu, wausome mstari huo mara mbili.

Hatari ipo. Kijana anayesikiliza usiku kucha na chupa mkononi, mlango umefungwa, huyo tumfuate upesi, kwa sababu ya upweke wake kuliko wimbo wake.

Mama yetu hatatengwa. Jumatano, baada ya mgao, kina mama waende kwake na Zaburi 88, waisome yote, wasiongeze neno. Akitaka kupiga wimbo wake, wakae wausikilize naye mpaka uishe.