Miaka sita masjala, nitatokaje?

SWALI: Mimi ni mtunza kumbukumbu katika wizara moja hapa Mtumba, Dodoma. Nina cheti. Kila siku ni kupokea majalada, kuandika kwenye rejista, kupeleka kwa mabosi. Vijana niliowapokea sasa ni maofisa. Niache kazi?

JIBU: Usiache, dada yangu, angalau si kwa hasira. Kwanza tafuta muundo wa maendeleo ya utumishi wa kada yako. Ofisa utumishi wenu anao. Humo utaona cheti kinakufikisha wapi na ngazi gani inataka diploma au shahada. Wengi hulaumu bosi kumbe kinachowabana ni muundo huo.

Ukiamua kusoma, una bahati ya mahali: Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kipo hapo hapo, Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) kina kampasi mjini, na Chuo cha Utumishi wa Umma kina tawi Singida. Ila omba ruhusa ya mwajiri kwa maandishi kabla ya kujisajili, na nakala ibaki kwenye jalada lako. (Wewe wa masjala unajua barua zinavyopotea!) Nimeona watu wakirudi na shahada nzuri, kisha wanahangaika kwa sababu hawakuaga.

Ukishahitimu, kubadilishiwa kada nako si kwa siku moja. Lazima nafasi iwepo kwenye ikama na bajeti, na huenda ukaanzia daraja la chini la kada mpya. Uliza mapema mshahara wako utakuwaje.

Wakati huo huo, fungua akaunti kwenye Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa kuomba kazi serikalini. Barua ya maombi ipitishe kwa mwajiri.