Concorde: Kutoka Kwenye Hewa Hadi Kwenye Tairi

Ukiwauliza watu ndege ya abiria ya Concorde iliishia wapi, wengi watakujibu kwa neno moja: ajali. Jibu hilo si la uongo, ila linaanzia mwishoni mwa kisa. Sisi tuanze na hewa.

Sauti ni msukumo. Ukipiga makofi, hewa iliyo kati ya viganja hubanwa, ikaisukuma iliyo jirani, nayo ikasukuma iliyo mbele yake, hadi msukumo ukafika sikioni. Usawa wa bahari, msukumo huo husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Juu angani kwenye baridi kali, hupungua hadi kama mita 295. Ndege ya kawaida huenda polepole kuliko misukumo yake yenyewe, hivyo hewa ya mbele huanza kuipisha kabla haijafika.

Concorde, iliyoanza kubeba abiria tarehe 21 Januari 1976, ilikwenda kama kilomita 2,180 kwa saa, mara mbili ya kasi ya sauti. Hewa ya mbele haikupata taarifa yoyote. Misukumo ilirundikana ikawa wimbi moja kali lenye umbo la pembe, mfano wa lile linaloachwa nyuma na boti ya kasi, na wimbi hilo likifika ardhini watu husikia mshindo. Wengi hudhani mshindo huo hulia mara moja tu, pale ndege inapoivuka kasi ya sauti. Sivyo. Ndege huuburuta njia nzima, na kila mji unaopitwa hupata wa kwake. Mwaka 1964 wakazi wa Oklahoma City, Marekani, walipigiwa mishindo kadhaa kila siku kwa miezi, kwa majaribio, na malalamiko yakamiminika. Mwaka 1973 Marekani ikapiga marufuku ndege za kiraia kwenda kwa kasi hiyo juu ya nchi yake. Concorde ikabakiwa na bahari.

Sasa tazama bawa. Ili lipite kwenye hewa iliyorundikana, lilifanywa jembamba na la pembetatu. Bawa la namna hiyo halibebi vizuri ndege ikienda taratibu, kwa hiyo Concorde ililazimika kukimbia ardhini hadi karibu kilomita 400 kwa saa ndipo ipae. Ndege inayopaa kwa kilomita 280 haina shida hiyo. Tofauti yaonekana ndogo, lakini nishati ya tairi linalozunguka hukua kwa kipeo cha pili cha kasi: 400 gawanya kwa 280, zidisha jibu kwa lenyewe, utapata kama mara mbili. Na juu ya matairi hayo, ndani ya bawa, ndipo yalipokuwa matangi ya mafuta. Mwaka 1979, huko Washington, matairi yalipasuka na vipande vikatoboa matangi. Onyo lilikuwapo.

Tarehe 25 Julai 2000, karibu na Paris, tairi la Concorde iliyokuwa ikikimbia ili ipae lilikanyaga utepe wa metali wa sentimita 43 hivi, uliodondoka kutoka ndege nyingine. Kipande cha mpira cha kilo 4 na nusu kiligonga bawa kwa chini. Tangi lilikuwa limejaa, na kimiminika hakibanwi. Pigo likasafiri ndani ya mafuta na tangi likapasuka kutoka ndani kwenda nje. Moto ukawaka, ndege ikaanguka. Walikufa watu 109 waliokuwa ndani na wanne waliokuwa chini, katika mji wa Gonesse.

Mafundi waliyapa matangi bitana ya nyuzi imara za Kevlar, wakatengeneza matairi mapya, na Novemba 2001 abiria wakarudi. Lakini mshindo haukutibika, wala kiu ya zaidi ya lita 20,000 za mafuta kwa saa kwa ajili ya abiria 100 tu. Safari ya mwisho ya abiria ilikuwa tarehe 24 Oktoba 2003, kutoka New York kwenda London. Anayetaka kuirudisha biashara hii aanze na mshindo na mafuta, maana tairi lilishapata dawa.