Masoko Si Matangazo Tu: Tujifunze kwa Zao la Zabibu

Vikundi vingi vikiulizwa kuhusu mkakati wao wa masoko hujibu: "Tutaweka bango, tutatangaza redioni, tutakwenda Nane Nane." Hayo ni matangazo, nayo ni sehemu moja tu ya masoko. Tuangalie sehemu zote nne kwa kutumia zabibu, zao tunalolifahamu hapa Dodoma.

Kwa kawaida zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na Agosti hadi Septemba. Zikishaiva hazingoji. Mkulima anayeanza kutafuta mnunuzi wakati huo hupokea bei yoyote atakayopewa, na bango haliwezi kumwokoa.

1. Bidhaa
Mnunuzi wako ni nani, na anataka nini? Kiwanda cha mvinyo hutaka zabibu zilizokomaa, zenye sukari ya kutosha. Mteja wa kula hutaka vichala safi visivyopondeka. Aina ya mche na matunzo ya shamba hufuata jibu hilo.

2. Bei
Jumlisha gharama zote: kupogolea, dawa, maji, vibarua na usafiri. Tuseme zimefika shilingi 700,000 na umevuna kilo 1,000. Kila kilo imekugharimu shilingi 700. Ukiuza kwa shilingi 650, umepoteza shilingi 50,000 hata kama umeuza zote siku moja.

3. Mahali na wakati
Mzabibu huzaa takriban miezi minne baada ya kupogolewa. Kwa hiyo mkulima hupanga tarehe ya mavuno siku anapopogolea. Zungumza na mnunuzi kabla ya kushika mkasi. Wanakikundi wakipogolea kwa zamu, zabibu hazitaiva zote kwa pamoja. Vuna asubuhi, panga kwenye kreti, usijaze kwenye magunia. Wenye matangi safi wanaweza kukamua mchuzi wa zabibu, ambao ukihifadhiwa vizuri humpa mkulima muda wa kutafuta bei.

4. Matangazo
Sasa tangaza, na useme kweli. Kama umesindika, lebo ionyeshe kilichomo, ujazo, tarehe ya kwisha muda na mahali ulipo. SIDO hutoa ushauri wa usindikaji na vifungashio, na TBS hushughulikia ubora. Usitangaze zaidi ya uwezo wako: mteja akija mara mbili akakosa, hatarudi.

Utaratibu huu unafaa pia kwa alizeti, karanga na asali. Mkakati mzuri huanza kwa mnunuzi, hupitia shambani, ndipo hufika kwenye bango.

Maswali ya kujadili katika kikundi
- Mnunuzi wetu mkuu ni nani, na tumeshamuuliza anachotaka?
- Kilo moja ya zao letu inatugharimu shilingi ngapi?
- Mnunuzi huyo asipokuja, tutafanya nini na mavuno?